Kuitembelea Bukoba na Mpaka wa Mutukula Ukitokea Mwanza

Mji wa Bukoba na mpaka wa Tanzania na Uganda vilizaliwa mwaka mmoja. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walitia saini mjini Berlin mkataba wa kugawana maeneo yao ya Afrika Mashariki, na kwa upande wa magharibi wa Ziwa Victoria wakakubaliana kufuata mstari wa nyuzi 1 kusini mwa ikweta, mstari ambao hakuna mwenyeji aliyeuona wala aliyeulizwa habari zake. Kabla mwaka huo haujaisha, Emin Pasha, tabibu mzaliwa wa Silesia aliyekuwa amelitawala jimbo la Ekwatoria, kusini mwa Sudan, kwa miaka mingi kwa niaba ya Misri na sasa akiwatumikia Wajerumani, alifika kwenye ghuba ndogo ya ufukwe wa magharibi akaanzisha kituo ambacho ndicho Bukoba ya leo. Ndiyo maana ninamshauri kila anayetoka Mwanza kwenda kuuona mji huu asiishie ufukweni na sokoni, bali aigawe safari yake sehemu mbili: mji wenyewe pamoja na vijiji vyake, kisha barabara ya Kyaka hadi Mutukula. Historia ya mji haieleweki bila mpaka, na mpaka nao ukiutazama peke yake utaona geti, malori na foleni tu.

Tenga siku nne za kukaa Kagera, bila kuhesabu siku za kwenda na kurudi. Siku mbili ni za mji na maeneo ya karibu, moja ni ya Kyaka na Mutukula, na ya nne ni ya makaburi ya askari ya Kaboya, ambako utapita wakati wa kurudi. Mwenye siku mbili tu achague ufukwe wa mji na Kyaka, na mengine ayaache kwa safari nyingine kuliko kuyapitia mbiombio.

Kuhusu majira, miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo mizuri zaidi kwa sababu ni mikavu, na njia za udongo za vijijini hupitika kwa pikipiki na gari dogo. Bukoba ni miongoni mwa miji inayopata mvua nyingi zaidi nchini, na kati ya Machi na Mei mvua hiyo hunyesha kwa nguvu kiasi kwamba kufika kijiji kilicho mlimani huwa ni kazi ya siku nzima. Anayetaka kula senene, yaani panzi wa kuliwa, wabichi waliokaangwa siku hiyo hiyo walipokamatwa aende mwezi wa Novemba, akubali kulowa, na abebe viatu vinavyostahimili tope.

Kabla ya kuondoka Mwanza

Historia ya mpaka huu inaanzia nyumbani kwetu. Kisiwa cha Saanane, ambacho wengi tunakijua kama mahali pa kuwapeleka watoto kutazama wanyama, kiliguswa na vita vya Kagera, kati ya Tanzania na Uganda, mwishoni mwa Machi 1979, pale ndege ya kijeshi ya Libya, iliyotumwa kumsaidia mtawala wa Uganda, Idi Amin, ilipolenga bohari ya mafuta ya Mwanza ikaikosa, na mabomu yake yakaangukia kisiwani yakaua swala. Vuka kwa boti asubuhi moja kabla ya safari, usimame juu ya miamba ya kisiwa ukiutazama mji, na utaelewa jinsi vita vilivyopiganwa mamia ya kilomita kutoka hapa vilivyokuwa karibu na watu wa Mwanza.

Mahali pa pili ni Igoma, kwenye makaburi na mnara wa kumbukumbu wa waliokufa katika ajali ya MV Bukoba. Meli hiyo ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa inakaribia Mwanza, ikitokea Bukoba na Kemondo, na mamia ya watu walipoteza maisha. Hakuna ukoo mkubwa wa Kagera ambao haukuguswa na msiba ule kwa namna fulani. Ukifika Bukoba ukazungumza na watu juu ya ziwa na safari zake, jina la meli hiyo litatajwa, na ni vema uwe umeshapita Igoma na kutoa heshima zako.

Kuhusu usafiri, maoni yangu ni kwamba uende kwa meli na urudi kwa basi. MV Victoria, ambayo baada ya ukarabati mkubwa ilirudi majini mwaka 2020 kwa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu, huondoka bandari ya Mwanza Kaskazini jioni, husafiri usiku kucha, hutia nanga Kemondo, kisha hufika Bukoba asubuhi. Siku za safari hubadilika, kwa hiyo ulizia bandarini wiki moja kabla, na ikiwa unataka chumba cha kulala nunua tiketi mapema, kwa kuwa vyumba ni vichache na wafanyabiashara wanaosafiri kila wiki hawangoji dakika ya mwisho. Beba sweta zito, kwa maana upepo wa ziwa usiku wa manane ni mkali hata mwezi wenye joto.

Sababu ya kuchagua meli si raha tu. Karibu kila jambo kubwa lililoifika Bukoba katika miaka yake ya kwanza liliingia kwa njia ya maji, na anayefika kwa basi huingia kwa mlango wa nyuma. Amka kabla ya jua kuchomoza utoke nje. Utaona kwanza ukingo mrefu wa majabali, kisha kisiwa cha Musira kikiwa kimekaa mbele ya mji, kisha kanisa la Bunena juu ya rasi iliyo jirani na bandari, na nyuma yake vilima vilivyofunikwa na migomba. Kwa kuutazama mji kutoka majini utajua mara moja kwa nini mgeni mwenye bunduki na mashua alipachagua mahali hapa.

Ufukwe wa Bukoba na mji wa zamani

Ukishuka bandarini usikimbilie katikati ya mji. Weka mizigo kwenye nyumba ya wageni, kunywa chai, kisha rudi ufukweni kwa miguu, kwani Bukoba ya kwanza ilijengwa upande huo wa mashariki, karibu na maji. Eneo la Lake Hotel ndilo la kuanzia: hapo jirani kuna boma la zamani na makaburi ya Wajerumani, na kutoka hapo unaweza kutembea taratibu kuelekea mjini hadi kwenye jengo linalojulikana kwa jina la Duka Kubwa, ambalo nalo ni la zama za Wajerumani. Majengo haya hayakuhifadhiwa kama yale ya Bagamoyo au Kilwa, na tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lililofikia ukubwa wa 5.9, liliyatikisa vibaya majengo mengi ya mkoa huu. Tazama nyufa, tazama mahali ambapo tofali jipya limekutana na ukuta wa zamani, na kama jengo linatumika kama ofisi au makazi ya mtu, piga hodi na ueleze shida yako kabla ya kuinua simu kupiga picha.

Ukiwa ufukweni hapo hapo, kumbuka vita vya Juni 1915. Wajerumani walikuwa na mnara wa redio Bukoba uliowaunganisha na vituo vyao vingine, na Waingereza wakaamua kuuangusha. Kikosi kilichoongozwa na Brigedia Jenerali Stewart kilipakiwa kwenye meli Kisumu, kikavuka ziwa, na baada ya mapigano ya siku mbili, tarehe 22 na 23, kikauteka mji, kikaubomoa mnara na ngome, kikapora, kisha kikapanda meli na kuondoka. Miongoni mwa askari hao alikuwamo mwindaji mashuhuri Frederick Selous, aliyekuwa na umri wa miaka 63, na ambaye aliuawa vitani huko Beho Beho mwanzoni mwa mwaka 1917. Waliposhuka nchi kavu walilazimika kupanda majabali yaliyo kaskazini mwa mji, na ukitembea upande wa Nyamukazi utaona wazi ugumu wa ardhi waliyopigania. Simama hapo uwafikirie pia wenyeji, ambao hawakuwa na ugomvi na upande wowote lakini nyumba zao na vyakula vyao ndivyo vilivyoliwa na vita.

Upande huo wa Nyamukazi ndiko yaliko Makumbusho ya Kagera, yenye vyombo vya jadi vya watu wa mkoa huu na picha za wanyamapori. Ni madogo, nayo yanafaa kutembelewa siku ya kwanza, ili utakapokwenda vijijini uwe umeshaona mivuo, ngoma, mikuki na vyombo vya pombe ya ndizi, na uweze kuuliza maswali yenye maana.

Kanisa Kuu la Bukoba linahitaji muda wako zaidi. Ndani yake amezikwa Laurean Kardinali Rugambwa, ambaye Papa Yohane XXIII alimpa ukardinali mwezi Machi 1960 akawa kardinali wa kwanza Mwafrika katika zama hizi, na baadaye akawa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam. Alifariki Desemba 1997, akazikwa kwanza Kashozi kwa kuwa kanisa kuu lilikuwa katika ukarabati, na mwaka 2012 ndipo mwili wake ulipohamishiwa hapa. Ingia nje ya saa za misa, uvae nguo za heshima, na umwombe katekista au mlinzi akuoneshe kaburi.

Kutoka hapo nenda Kashozi, kaskazini mwa mji, mahali Wamisionari wa Afrika, yaani Mapadri Weupe wa Kanisa Katoliki, walipoanzisha misheni mwaka 1892. Walifika huku wakitokea upande wa Buganda, baada ya mapigano ya mwaka huo kati ya Wakatoliki na Waprotestanti katika ufalme ule. Ulutheri nao una habari inayofanana, kwa sababu mbegu ya Uprotestanti ililetwa na Wahaya wenyewe waliokuwa wakienda na kurudi Uganda, kabla Wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani hawajafika mwaka 1910. Ukiendelea na njia ya kaskazini kwenye ukanda wa ziwa utafika Kanyigo na Kashenye, katika nchi ya Kiziba. Josiah Kibira alizaliwa Kashenye mwaka 1925, akawa askofu wa Dayosisi ya Kaskazini Magharibi, na mwaka 1977 akachaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Ukiziweka habari hizi pamoja utaona kwamba mstari wa Berlin haukuwazuia watu, na kwamba dini zote mbili zilizoijenga Bukoba ziliuvuka zikitokea kaskazini.

Katuruka na chuma cha Wahaya

Wageni wengi hawafiki Katuruka, na hilo linanisikitisha, kwa sababu hakuna mahali pengine karibu na Bukoba panapokuonesha kwamba watu wa huku walikuwa na elimu na viwanda vyao muda mrefu kabla ya mwaka 1890. Kijiji kiko upande wa Maruku, mwendo mfupi kutoka mjini, na unaweza kukodi bodaboda au teksi ya kukungoja. Uliza mapema mjini juu ya mwongozaji wa kijijini. Usiende peke yako ukaanza kuzunguka katika viunga vya watu.

Masimulizi ya wazee yanasema kwamba Mfalme Rugomora Mahe aliwaagiza wahunzi wamjengee mnara wa chuma wa kufika mbinguni, na kwamba kazi hiyo ilifanyika chini ya mti mkubwa ulioitwa Kaiija. Mwanaakiolojia Peter Schmidt, aliyeanza kufanya utafiti huku karibu na mwaka 1970, aliwasikiliza wazee hao, akachimba mahali walipomwelekeza, na kukuta mabaki ya uhunzi wenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Mfalme mwenyewe aliishi karne nyingi baadaye, lakini masimulizi yalikuwa yamelihifadhi eneo lile kama mahali pa chuma kizazi baada ya kizazi, na jembe la mchimbaji likayathibitisha. Mimi nimeyasikiliza masimulizi ya wazee kwa makini zaidi tangu nilipoijua habari hii, na ninatamani kila mwalimu wa historia wa kanda ya ziwa angewaleta wanafunzi wake hapa.

Mwombe mwongozaji akueleze jinsi tanuri lilivyofanya kazi. Shimo la chini lilitandikwa majani ya kinamasi yaliyochomwa yakawa makaa, kuta zilijengwa kwa udongo wa kichuguu ambao hustahimili moto, na mabomba ya udongo ya kupitishia upepo wa mivuo yaliingizwa hadi ndani ya tanuri, hivyo hewa ikawa imeshapata joto kabla ya kufika motoni. Katika miaka ya 1970 wazee waliokuwa wamewahi kuifanya kazi hii ujanani walijenga tanuri na kuyeyusha chuma mbele ya watafiti, na kilichotoka kilikuwa na sifa za chuma cha pua. Ukitazama chini kwenye njia za migombani unaweza kuona vipande vyeusi, vizito kuliko jiwe la ukubwa huo, vyenye matundu madogo upande mmoja na mng'ao wa kioo upande wa pili. Hayo ni mavi ya chuma. Kiokote kipande, kipime uzito wake mkononi, kisha kirudishe pale pale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vya namna hii, na hata pasipokuwa na sheria, kipande kilichoondolewa mahali pake hakimwelezi mtu jambo lolote tena.

Siku hiyo ya vijijini ndiyo ya kula matoke na maharage kwa mwenyeji, na ya kutafuna kahawa. Buni hizi huchemshwa zingali mbichi pamoja na majani yenye harufu, kisha hukaushwa, na mgeni hukaribishwa kwazo kabla ya mazungumzo. Chukua mbili tatu kwa mkono wa kulia, tafuna polepole, na usiziteme mbele ya aliyekupa. Zamani buni moja yenye mbegu mbili ndiyo iliyotumika kufunga udugu wa damu, kila mmoja akimeza mbegu iliyopakwa damu ya mwenzake, na wazee wengine bado wanaweza kukusimulia udugu wa namna hiyo uliofungwa kati ya watu wa pande mbili za mpaka. Kahawa hiyo hiyo ndiyo iliyoujenga mji wa kisasa: chama kikuu cha ushirika cha wakulima, ambacho leo ni KCU (Kagera Co-operative Union), kina mizizi katika umoja ulioundwa mwaka 1950, na kiwanda cha kahawa cha TANICA bado kiko mjini. Nunua kahawa yako huko kabla ya kuondoka.

Kyaka na daraja lake

Sasa panda gari la Mutukula. Umbali kutoka Bukoba hadi mpakani ni takriban kilomita 80 za lami, na daladala zipo tangu alfajiri, lakini ikiwa mko watatu au wanne kodini gari la siku nzima ili muweze kusimama mnapotaka. Kanuni ya kukumbuka kabla ya kuanza ni hii: mpaka si mto. Watu wengi, hata waliosoma, hudhani kwamba Mto Kagera ndio unaozitenga nchi hizi mbili katika eneo hili. Mpaka ni ule mstari wa nyuzi 1, uliopimwa na tume ya Waingereza na Wajerumani kati ya mwaka 1902 na 1904, nao uko kaskazini mwa mto. Katikati ya mto na mstari kuna eneo la takriban kilomita za mraba 1,800 ambalo ni la Tanzania, na vita vyote vya mwaka 1978 vilianza kwa ajili ya ukanda huo.

Dokezo la awali lilikuja mwaka 1972, baada ya Waganda waliokimbilia Tanzania kujaribu kumwondoa Amin kwa kuingia kupitia Mutukula. Ndege zake zikaja kupiga mabomu Bukoba na Mwanza, na pande zote mbili zikatulizwa kwa makubaliano ya Mogadishu. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia kwa wingi, yakapora ng'ombe, mali na mazao, yakaua, na maelfu ya watu wakakimbilia kusini mwa mto. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba ardhi hiyo ni ya Uganda na kwamba mto ndio mpaka mpya. Siku iliyofuata Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa, akasema kwamba Tanzania ina uwezo, sababu na nia ya kumpiga. Tarehe 3 Novemba daraja la Kyaka likalipuliwa.

Hivyo ukifika Kyaka, mwombe dereva asimame kabla ya kuvuka. Tazama upana wa mto na kasi ya maji yake, maana Kagera ni mto wenye nguvu kuliko unavyoonekana kwenye ramani, na jiulize jeshi lingelivukaje na vifaru bila daraja. JWTZ ililazimika kutandika daraja la muda ndipo ikavuka katika nusu ya pili ya Novemba, na mara nyingi ilikuta upande wa pili vijiji vitupu. Usipige picha ya daraja bila kuwauliza askari walio karibu. Watakujibu, na jibu lao likiwa hapana, basi weka simu mfukoni bila kubishana.

Karibu na hapo yapo magofu ya kanisa la zamani la Kikatoliki la Kyaka, lililobomolewa wakati wa vita. Ninaamini haya ndiyo mabaki yenye uzito kuliko yote katika mkoa wa Kagera, nayo yanastahili saa nzima. Zunguka ukuta kwa nje kwanza, kisha ingia ndani, utazame jinsi kuta zilivyobaki zimesimama bila paa. Usipande juu ya kuta, na usiandike jina lako. Hapa ni mahali pa sala palipovunjwa, na watu waliobatizwa humo bado wako hai.

Wengi wao utakutana nao ukitaka, na hapa ndipo ninapomsihi msomaji awe mwangalifu kuliko mahali pengine pote. Mzee wa Kihaya husalimiwa kwanza, tena kwa utulivu. Shikamoo yako inatosha, na ukimwita mwanamume mtu mzima kwa Ta na jina lake, na mwanamke kwa Ma na jina lake, utakuwa umeonesha kwamba umefundishwa. Usianze na vita. Uliza habari za nyumbani, za migomba, za mvua, ujitambulishe ukoo wako na mahali ulikotoka, ndipo uombe ruhusa ya kuuliza habari za mwaka 1978. Maswali mazuri ni yale madogo: walikimbilia wapi usiku ule, walibeba nini, nani alibaki, walikuta nini waliporudi. Mtu aliyepoteza mtoto au ng'ombe wote wa ukoo hawezi kukujibu swali la ujumla kama vita vilikuwaje, lakini anaweza kukueleza habari ya sufuria aliyoifukia chini ya mgomba. Akinyamaza, nawe nyamaza. Ukitaka kumrekodi, mwombe kabla ya kuwasha simu, na zawadi ya sukari au sabuni itolewe mwishoni, isionekane kuwa malipo ya machozi.

Mutukula

Ukivuka mto unaingia Bunazi, makao makuu ya wilaya ya Missenyi, kisha barabara inanyooka kwenye tambarare lenye mashamba ya miwa na malisho. Njia hii ndiyo iliyofuatwa na JWTZ, iliyouteka Mutukula usiku wa kuamkia tarehe 22 Januari 1979, na kuendelea hadi Kampala, iliyoanguka mwezi Aprili. Usitafute majengo ya kale Mutukula, kwa kuwa upande wa Uganda mji ulisawazishwa baada ya kutekwa, na unachokiona leo ni mji mpya wa biashara. Kinachopaswa kutazamwa ni kituo cha huduma za pamoja mpakani, kilichozinduliwa na Rais Magufuli na Rais Museveni tarehe 9 Novemba 2017, ambamo maofisa wa nchi mbili zilizopigana hapa huhudumia watu chini ya paa moja.

Unaweza kuutazama mpaka na kurudi bila kuvuka. Anayetaka kuvuka awe na pasipoti au hati ya dharura ya safari aliyoichukua mapema katika ofisi ya Uhamiaji, pamoja na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na agongewe mhuri hata kama anakwenda kunywa chai tu. Vijana wa bodaboda watakuambia kwamba kuna njia ya pembeni, ikatae. Badilisha fedha kwenye maduka yenye kibali, uhesabu noti mbele ya aliyekupa, na uanze safari ya kurudi mapema, kwa kuwa magari hupungua jioni. Mwenye siku ya ziada anaweza kuuliza Bunazi habari za msitu wa Minziro, unaojulikana kwa ndege na vipepeo.

Kurudi kupitia Kaboya

Panga kurudi Mwanza kwa barabara ya Muleba, Biharamulo, Chato na Geita. Tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lilipofunguliwa mwezi Juni 2025, likiwa na urefu wa takriban kilomita 3, mabasi hayangoji tena kivuko, na yanakushusha stendi ya Nyegezi. Hata hivyo usipande basi la moja kwa moja kutoka Bukoba. Chukua gari dogo la Muleba ushuke Kaboya, walikozikwa askari wa Tanzania waliokufa katika vita vile.

Makaburi haya yako chini ya uangalizi wa jeshi. Fika asubuhi, ukiwa na kitambulisho, ujieleze langoni kwamba umekuja kutoa heshima na kujifunza, na ufuate maelekezo ya askari atakayekuongoza. Kikundi cha shule au cha kanisa kipeleke barua ya kuomba ruhusa siku kadhaa kabla. Vua kofia, tembea kati ya mistari na si juu ya makaburi, na usome majina kwa sauti ya chini; utaona majina ya Kisukuma, Kichaga, Kimakonde, Kihehe na ya makabila mengine mengi, vijana waliotoka pande zote za nchi kuja kufia ukanda wa ardhi ambao wengi wao hawakuwahi kuuona kabla. Ukiwa na jina la ndugu unayemtafuta, mpe askari liandikwe vizuri kwenye karatasi pamoja na mwaka, ili aweze kukusaidia.

Siku ya Mashujaa huadhimishwa kila tarehe 25 Julai, wakati ambao pia ni wa kiangazi na barabara ni nzuri. Anayetaka kuwapo Kaboya siku hiyo aulize ofisi ya mkoa mapema kama kuna shughuli za kitaifa au za mkoa zitakazofanyika hapo mwaka huo, kwa kuwa utaratibu wa kuingia hubadilika, na atafute mahali pa kulala Muleba au Bukoba wiki kadhaa kabla.